Jinsi ya Kuonja Malbec ya Kilimo Hai Kutoka Ajentina na Kuipangia Chakula

Malbec ya Ajentina ni divai nyekundu inayopendwa upesi. Rangi yake ni nzito, harufu yake haijifichi, na haikwaruzi ulimi kama nyingi za rika lake. Kwa sababu hiyo wengi huinywa miaka nenda miaka rudi bila kuionja: wanasifu weusi wake na ukali wa kilevi chake, basi. Mwongozo huu una ombi moja kwako. Kuanzia dukani hadi mezani, utafute uchachu wake. Uchachu ndio unaoipambanua Malbec iliyochumwa kwa wakati na ile iliyoachwa ikaiva mno, na ndio utakaokuambia chakula gani kiwekwe karibu na glasi.

Ijue ardhi kabla ya chupa

Mzabibu wa Malbec ni wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, eneo la Cahors, ambako mpaka leo huitwa pia Côt. Mwaka 1853 mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget, aliupeleka Mendoza, mkoa wa magharibi mwa Ajentina chini ya milima ya Andes, pamoja na mizabibu mingine kwa ajili ya shamba la mafunzo lililopiganiwa na Domingo Faustino Sarmiento, ambaye baadaye alikuwa rais wa Ajentina. Muongo mmoja hivi baada ya hapo, kidudu kiitwacho filoksera kilianza kula mizizi ya mizabibu ya Ulaya, na mwaka 1956 baridi kali ikaua sehemu kubwa ya mashamba ya Cahors. Mendoza, kwenye udongo wa mchanga, filoksera haikupata nguvu hiyo. Ndiyo maana mashamba mengi ya huko bado yana mizabibu iliyosimama juu ya mizizi yake yenyewe, bila kupandikizwa kwenye shina la aina nyingine.

Ajentina nayo nusura iupoteze. Katika miaka ya 1980 maelfu ya hekta za Malbec ziling'olewa, kwa sababu soko la ndani lilitaka divai nyingi ya bei ya chini. Leo nchi hiyo ina zaidi ya hekta 40,000 za Malbec, nyingi zikiwa Mendoza, na hakuna nchi nyingine inayoikaribia.

Kwa anayeonja, mambo mawili ya Mendoza ndiyo ya kushika: ukame na kimo.

Mendoza ni nusu jangwa. Mvua yake kwa mwaka mzima ni kama milimita 200. Mizabibu inaishi kwa maji ya theluji inayoyeyuka juu ya Andes na kuteremka kwa mito kama Mendoza na Tunuyán, kisha kugawanywa kwa mifereji. Watu wa Huarpe walikuwa wakichimba mifereji hiyo kabla ya Wahispania kufika. Hewa ikiwa kavu hivyo, ukungu wa majani na wa matunda haupati pa kushika, na ukungu ndio adui anayewafanya wakulima wa nchi zenye mvua wapulizie dawa tena na tena. Hapo ndipo kilimo hai kinapopata nafasi yake Mendoza. Lakini asikudanganye mtu kwamba ni kazi rahisi. Mvua ya mawe inaweza kufuta mavuno kwa dakika chache, hivyo mashamba mengi hufunikwa kwa nyavu. Siafu wakata-majani huvua mzabibu mchanga majani yake yote. Mwaka 2010 nondo wa zabibu, Lobesia botrana, alionekana Mendoza, na mkulima asiyetumia sumu humzuia kwa kutundika vidonge vya harufu ya jike shambani, ili madume wapotee njia wasiwapate majike.

Kimo nacho ndicho kinacholeta uchachu tunaoutafuta. Kwa kila mita 100 unazopanda, joto hupungua kwa karibu nusu nyuzi au zaidi kidogo. Luján de Cuyo, eneo la Malbec za jadi, liko kwenye mita 1,000 hivi. Bonde la Uco linaanzia mita 900 na kupita 1,500. Zabibu ikiiva mchana kwenye jua kali na kulala usiku kwenye baridi, sukari yake hupanda huku asidi yake ikikawia kuisha. Ganda nalo huwa nene, kwa kuwa jua la mlimani lina miale mikali, na rangi hukaa kwenye ganda. Familia ya Catena, watengenezaji divai wa Mendoza, ilipopanda shamba la Adrianna huko Gualtallary, ndani ya Bonde la Uco, mwaka 1992, kwenye mita 1,450 hivi, kulikuwa na hofu kwamba zabibu zisingeiva. Ziliiva, na Malbec ya mlimani ikaanza kuwa na sura yake. Domaine Bousquet, kampuni iliyojenga jina lake juu ya kilimo hai, nayo iko Gualtallary, karibu mita 1,200.

Hatua ya kwanza: soma lebo, kisha ikague chupa

Nembo ya kilimo hai inaeleza shamba. Inasema zabibu zimelimwa bila mbolea za viwandani, bila viuagugu na bila sumu za kutengenezwa. Salfa na shaba huruhusiwa kwa kiwango chenye mpaka, maana mzabibu usio na kinga yoyote unaweza kukosa mavuno kabisa. Ajentina ina sheria ya kilimo hai tangu 1999, namba 25.127, na wakaguzi wanaotoa vyeti husimamiwa na SENASA, mamlaka ya afya ya mimea na mifugo. Kwenye chupa iliyopitia soko la Ulaya utaona jani la nyota kwenye kibandiko cha kijani, na karibu yake namba inayoanza na AR-BIO. Usitarajie kuona alama ya Kilimohai unayoijua kwenye chai au asali ya Afrika Mashariki. Hiyo ni ya viwango vyetu wenyewe.

Kuhusu salfaiti, yaani vihifadhi vyenye salfa vinavyotiwa kwenye divai isiharibike, watu wengi wamepotoshwa. Divai ya kilimo hai si lazima iwe haina salfaiti. Ulaya inaruhusu hadi miligramu 100 kwa lita kwenye divai nyekundu kavu ya kilimo hai, wakati ya kawaida inaruhusiwa 150. Marekani ni kali zaidi: chupa haiwezi kuitwa divai ya kilimo hai ikiwa imeongezwa salfaiti hata kidogo, lakini iliyoandikwa "imetengenezwa kwa zabibu za kilimo hai" inaweza kuwa nazo hadi 100. Tena hamira yenyewe huzalisha salfaiti kidogo wakati wa kuchachuka, kwa hiyo sifuri kamili ni nadra. Na kwa asiyekula vitu vya mnyama: kilimo hai hakihakikishi hilo, kwa sababu ute wa yai unaweza kutumika kuisafisha divai.

Nembo haisemi lolote kuhusu ladha. Ladha itafute kwenye maandishi mengine. Jina la mahali likiwa la karibu, kama Gualtallary, Tupungato au Agrelo, ni dalili bora kuliko "Mendoza" peke yake. Kilevi cha asilimia 13.5 hadi 14 huwa na uwiano mzuri. Kikifika 15, tarajia tunda lililoiva sana na uchachu uliolegea. Neno "Reserva" kwa divai nyekundu ya Ajentina maana yake imetunzwa angalau miezi 12 kabla ya kuuzwa, na "Gran Reserva" miezi 24. Likiandikwa jina la zabibu moja, angalau asilimia 85 ni zabibu hiyo. Mwaka wa mavuno nao una jambo lake: Ajentina iko kusini mwa ikweta na huvuna kati ya Februari na Aprili, hivyo chupa yao huwa na miezi sita hivi zaidi ya chupa ya Ulaya yenye mwaka uleule. Kwa kujifunzia, chukua yenye miaka miwili hadi minne.

Sasa chupa yenyewe. Kwa anayenunua Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, hii ndiyo sehemu muhimu kuliko zote zilizotangulia. Joto linaua divai, na yenye salfaiti chache hufa mapema zaidi. Usichukue chupa iliyosimama dirishani au chini ya taa kali, hata kama bei imeshushwa. Gusa kizibo kupitia karatasi ya shingo: kikiwa kimejitokeza juu ya mdomo wa chupa, au kuna michirizi ya divai iliyokauka, chupa hiyo imepikwa na jua mahali fulani njiani. Kifuniko cha kuzungusha si alama ya divai duni. Kwa Malbec changa mimi nakipendelea.

Hatua ya pili: joto na hewa

Ule usemi kwamba divai nyekundu hunywewa katika joto la chumba ulianzia kwenye vyumba vya mawe vya Ulaya. Malbec inataka nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya pwani ina 28 au 30, na katika joto hilo kilevi huruka mbele, tunda huwa zito, na uchachu unaoutafuta huzama usionekane. Weka chupa kwenye friji saa nzima kama uko pwani, nusu saa kama uko Nairobi, Arusha au Kigali. Ukiwa na haraka, ndoo ya maji yenye barafu huimaliza kazi kwa dakika 10 hadi 15. Ikitoka ya baridi kidogo kuliko inavyotakiwa, usihangaike. Itapata joto yenyewe kwenye glasi.

Glasi iwe ya kioo kisicho na rangi wala nakshi, yenye tumbo pana na mdomo uliobana kidogo, ili harufu ikusanyike. Ishike kwenye mguu. Kwa kuonja, mimina mililita 50 hivi; chupa moja ya mililita 750 inawatosha watu kumi na zaidi wakionja pamoja. Malbec changa hufaidika ikimiminwa kwenye jagi dakika 30 kabla, lakini acha kiasi kidogo kwenye glasi tangu mwanzo, uone hewa imebadilisha nini.

Hatua ya tatu: tazama

Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Malbec changa ni ya zambarau nzito katikati, na ukingoni ina waridi kali linaloelekea zambarau. Ukingo huo ni mojawapo ya alama zake za kuitambulisha. Ukiwa wa matofali au kahawia, divai imezeeka au imeharibiwa na hewa. Weusi peke yake haukuambii ubora, kwa hiyo usikae hapa muda mrefu.

Hatua ya nne: nusa mara mbili

Nusa kwanza glasi ikiwa imetulia. Hapa utakutana na harufu nyepesi zaidi, zile zinazopotea mapema: maua, hasa ya urujuani, na wakati mwingine majani mabichi au ganda la chungwa. Malbec za juu kwenye Bonde la Uco ndizo zenye maua mengi.

Kisha zungusha glasi juu ya meza mara tatu nne na unuse tena, mara hii kwa pumzi fupifupi, kwani pua huchoka upesi. Matunda ndiyo yanayotoka sasa, na usilazimike kutumia majina ya matunda ya Ulaya kama hujawahi kuyala. Tumia yako. Zambarau mbivu iliyochumwa mtini iko karibu sana na Malbec, pamoja na ule ukakasi wake mwishoni. Forosadi nyeusi ipo. Plamu mbivu ipo. Jiulize tunda hilo liko katika hali gani: bichi kidogo, bivu, au limepikwa likawa jamu? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko jina la tunda. Likiwa bivu lakini bado bichibichi, uchachu utakuwepo mdomoni. Likiwa jamu, jiandae kuukosa.

Baada ya tunda, tafuta mti. Pipa la mwaloni huacha vanila, karafuu, moshi na mkate uliochomwa; mwaloni wa Marekani huongeza harufu ya nazi. Wengi wa wanaolima kilimo hai siku hizi hupunguza mwaloni au hutumia matangi ya saruji, ili shamba lisikike. Mimi nasimama upande wao, ingawa sikatai kwamba pipa likitumiwa kwa kiasi huipa Malbec kina kinachoisaidia kwenye nyama.

Pua ndiyo inayokamata ugonjwa pia. Harufu ya boksi lililoloa au kitambaa chenye ukungu ni kizibo kibovu, rudisha chupa. Siki kali au rangi ya kucha ni asidi tete iliyozidi. Harufu ya zizi au ya plasta ya kidonda ni hamira ya porini iitwayo Brettanomyces. Ikiwa kidogo wapo wanaoipenda, ikizidi inafunika kila kitu. Njiti ya kiberiti au yai viza hutokana na divai kukosa hewa, na mara nyingi huondoka baada ya kuzungusha glasi kwa muda, kwa hiyo usiimwage kabla ya kuipa nafasi.

Hatua ya tano: mdomoni

Vuta kiasi cha kijiko kimoja kikubwa. Usimeze bado. Kizungushe kila upande, mpaka kwenye fizi, vuta hewa kidogo juu yake, kisha ndipo umeze au uteme. Kwenye kuonja kwa kazi, kutema si utovu wa adabu. Ukiwa unaonja chupa kadhaa, au unaendesha gari, ni lazima.

Sasa jibu maswali kwa mpangilio, moja kwa wakati. Kuna utamu? Malbec nzuri ni kavu. Unachodhani ni sukari mara nyingi ni tunda bivu na kilevi. Ziba pua, onja tena: utamu ukitoweka, ilikuwa harufu tu.

Uchachu uko wapi? Usiutafute kwenye wazo, utafute kwenye mate. Baada ya kumeza, inamisha kichwa, fungua mdomo kidogo, usubiri. Mate yakijaa pembeni mwa ulimi na chini ya taya, na yakaendelea kuja, uchachu ni mzuri. Yakija kidogo na kukoma, divai imelegea, hata kama ina rangi ya wino na bei ya juu. Kipimo hiki hakihitaji msamiati wala uzoefu, na ndicho ninachokiamini kuliko vyote.

Ukakasi ni jambo jingine, na watu huuchanganya na uchachu. Uchachu huleta mate, ukakasi huyakausha. Ni ile hali ya bibo la korosho au ndizi mbichi, inayovuta fizi na kuufanya ulimi uwe mkavu. Unatokana na tanini za ganda, mbegu na mapipa. Malbec ina tanini za kutosha lakini laini. Ukiusugua ulimi juu ya kaakaa uhisi kitambaa, sawa. Ukihisi msasa, ama ni changa mno au mbegu zilikamuliwa kwa nguvu.

Kilevi hupimwa kwenye koo kwa joto lake. Uzito hupimwa katikati ya ulimi. Mwisho, hesabu kimyakimya ladha inadumu sekunde ngapi baada ya kumeza, na uangalie ni ladha gani inayodumu. Ikibaki forosadi yenye uchachu kwa sekunde kumi au zaidi, una divai mkononi. Kikibaki kilevi na mbao peke yake, ni mwisho mrefu usio na faida.

Andika. Mistari minne inatosha: rangi, harufu, mate na ukakasi, mwisho.

Hatua ya sita: jaribio la sahani moja

Kabla ya kupanga mlo, fanya jaribio hili. Linafundisha zaidi ya orodha yoyote ya vyakula, na kila kitu kipo jikoni. Weka kwenye sahani moja punje za chumvi, kipande cha limau, kipande cha nyama choma chenye mafuta, pilipili kali na kijiko cha asali. Weka pia mkate mweupe na maji ya kusafishia mdomo. Kwa kila kimoja: onja divai, kula kidogo, onja divai tena papo hapo.

Chumvi kwanza. Ukakasi utapungua, na tunda litasogea mbele. Ndiyo sababu wachomaji wa Ajentina hutia nyama chumvi ya mawe na kuacha mengine.

Limau ndilo linalotoa hukumu. Baada ya kulamba limau, divai itaonekana laini na tamu zaidi kuliko ilivyokuwa, kwa sababu ulimi umekwishazoea ukali mkubwa. Malbec yenye uchachu wake itasimama. Utaisikia bado ina uhai. Iliyolegea itakuwa chapwa, kama maji yenye rangi. Kama divai yako imeanguka hapa, usiipeleke kwenye mlo wenye siki, ndimu, nyanya mbichi au ukwaju. Ipe nyama tupu yenye chumvi na itakushukuru.

Nyama yenye mafuta: tanini hupenda kushikana na protini, na zikikosa chakula hushikana na zile za mate yako, ndiyo maana mdomo hukauka. Ukitanguliza nyama, tanini hupata pengine pa kwenda. Divai inakuwa nyororo, na uchachu unaosha mafuta, unaufanya ulimi utake tonge jingine.

Pilipili itawasha mara mbili. Kilevi huchochea mwasho, na ukakasi huongezeka juu yake. Kadiri kilevi cha chupa kinavyokuwa juu, ndivyo pilipili inavyopaswa kushuka.

Asali mwishoni, kwa sababu itaharibu kinywa. Divai iliyokuwa ya matunda itageuka chungu na chachu. Ukishaonja hilo mwenyewe, utaelewa kwa nini sishauri Malbec kavu na keki, wala na chokoleti, ingawa mara nyingi hutangazwa pamoja.

Hatua ya saba: panga mlo

Anza na mlo ambao divai hii imekulia nao. Asado ya Ajentina huchomwa juu ya makaa ya kuni, polepole, mbali kidogo na moto, kwa saa kadhaa. Mbavu zilizokatwa mkato wa kuvuka mifupa, tira de asado, zina mafuta na kano zinazoyeyuka, na zinastahili Malbec yenye tanini zaidi, mfano Reserva. Entraña, ule msuli mwembamba wa kiwambo, una ladha kali ya nyama na huiva haraka. Malbec changa isiyo na mwaloni mwingi inaufaa zaidi. Soseji na morcilla, ile ya damu, zina chumvi na viungo, na huilainisha divai yoyote.

Pembeni kuna chimichurri: kotmiri ya Kizungu, oregano, kitunguu saumu, pilipili kavu kidogo, mafuta na siki. Rudi kwenye jaribio la limau. Sosi hii ina siki, hivyo Malbec iliyolegea itapotea mbele yake. Ndipo chupa ya Bonde la Uco inapolipa gharama yake. Ukiwa na chupa laini ya mabonde ya chini, punguza siki kwenye sosi, ongeza mafuta na majani.

Nyama ikiwa bado jikoni, Waajentina hupitisha provoleta, kipande kinene cha jibini kilichochomwa mpaka kikapata ganda, na empanada. Ile ya Mendoza hujazwa nyama ya kusaga au ya kukatwakatwa, vitunguu vingi, bizari ya pilau, paprika, yai na zeituni. Vitunguu vinaleta utamu, kwa hiyo chagua chupa yenye tunda bivu. Locro, mchuzi mzito wa mahindi, maharage, boga na nyama unaopikwa hasa tarehe 25 Mei, siku ya kukumbuka mapinduzi ya 1810, unataka Malbec yenye uzito wa kati. Makande yenye nyama yanaweza kukaa mahali pake bila tatizo.

Kwa jikoni kwetu, mbuzi choma yenye chumvi tu ndiyo ningeanza nayo. Kachumbari yake ina ndimu na nyanya, hivyo chupa iwe ya uchachu mzuri, na pilipili ikae kwenye kibakuli chake kila mtu ajipimie. Pilau ya ng'ombe hukutana na divai kwenye karafuu na mdalasini, na hapo pipa la mwaloni lina kazi ya maana. Mishkaki yenye ukwaju inataka uchachu kama kachumbari. Asiyekula nyama asiachwe nyuma: biringanya iliyochomwa, uyoga uliokaangwa na kitunguu saumu, au maharage yaliyoungwa kwa mafuta na chumvi ya kutosha, vyote vinaibeba Malbec changa.

Samaki iache. Madini ya chuma yaliyomo kwenye divai nyekundu hukutana na mafuta ya samaki na kuacha harufu mbaya ya shombo, na samaki wa kupaka mwenye nazi na ndimu hapati faida yoyote hapo. Kuku wa nazi mwenye pilipili nyingi naye simpi Malbec.

Mezani wakiwepo wageni wasiokunywa kwa sababu ya imani, afya au ujauzito, waandalie juisi ya rosela yenye sukari kidogo sana, baridi, kwenye glasi zilezile. Ina rangi, ina uchachu, na inakwenda na mbuzi choma kwa kanuni hizohizo.

Hatua ya mwisho: siku ya pili

Usimalize chupa yote usiku huo kama unataka kuijua. Ifunge kwa kizibo chake, iweke kwenye friji ikiwa imesimama, na uionje kesho yake ikishapata joto kidogo. Iliyo hai itakuwa imefunguka: maua yamepungua, viungo vimejitokeza, na mate bado yanajaa. Iliyotegemea utamu wa tunda peke yake itakuwa imechoka. Yenye salfaiti chache usiipeleke zaidi ya siku mbili tatu. Ikianza kuwa na harufu ya tunda lililopondeka, mimina iliyobaki kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe wakati vitunguu vimeshika rangi, iache ichemke bila kifuniko mpaka harufu ya kilevi iishe, ndipo utie nyanya.